Bibi Mkandaji na Shingo Changa

Wewe uliyeketi hapo na kichanga mapajani, au unayemsubiri wako, nipe sikio kidogo. Sina haraka, na najua nawe umechoka. Kama mtoto amelala usimwamshe, nitasema polepole. Nataka kukueleza habari za mwanamke aliyenifundisha kumshika mtoto mchanga, maana kila ninapomwona mama kijana amemkamata mwanawe kama anayekamata kuku asimponyoke, namkumbuka yeye, na naona vibaya kukaa na habari zake peke yangu.

Mtaani kwetu Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, tulimwita Bibi Mkandaji. Kazi yake ilikuwa kuwakanda wazazi kwa maji ya moto na kuwaogesha watoto wao mpaka arobaini itimie. Alizaliwa wapi, kwa nani, sikuwahi kumuuliza, na sidhani kama kuna aliyemuuliza. Tulimjua kwa mikono yake. Na jambo moja tulilijua wote, kwa sababu alilisema mwenyewe katika kila nyumba aliyoingia, hata kabla hajavua viatu: hajawahi kudondosha mtoto wa mtu, na hakuna anachokiogopa duniani kuliko siku hiyo. Wezi hakuwaogopa, majini hakuyaogopa, balozi wa nyumba kumi ndiyo kabisa. Siku hiyo tu.

Alikuwa mfupi, mzito wa kiuno, miguu imevimba vifundoni kwa kutembea. Akifika anavua bangili, kisha pete, anazifunga kwenye pindo la khanga. Ananawa. Anaipasha mikono juu ya jiko la mkaa, anaisugua, halafu anajigusa shavuni mwenyewe kuipima. "Mkono wa baridi ni kofi," alikuwa akisema. Maji ya kuogea aliyapima kwa kiwiko, maana viganja vyake, alisema, vimeshakuwa sugu kwa kukanda wanawake wa Dar es Salaam na havijui tena yapi ya moto na yapi ya vuguvugu. Kisha anakaa chini uani, anainyoosha miguu juu ya beseni, na mtoto analazwa kwenye miundi yake, uso juu, kichwa kimetulia kwenye kile kishimo baina ya vifundo viwili. Wakati wote huo mkono wake wa kushoto hauondoki kwenye kisogo cha mtoto. Wa kulia ndio unaochota maji, unaosugua, unaokatisha maneno ya wanawake waliosimama kutazama.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Shukuru, nilikuwa msichana niliyetoka Masasi sina mama wala dada mjini. Hospitali walinifundisha vizuri, lakini hospitali ulikuwa na muuguzi pembeni. Nyumbani nilikuwa na chumba kimoja, kitanda cha kamba, na kitu kidogo chekundu ambacho kichwa chake kiliangukia kila upande nilioinamia.

"Bibi, naogopa," nilimwambia.

"Ogopa," alinijibu. "Asiyeogopa ndiye nisiyemwachia mtoto."

Akanikalisha, akanionyesha. Mimi nakuonyesha wewe hivyohivyo. Mkono mmoja unapita chini ya kisogo, vidole vimetanuka, kiganja kinabeba shingo na sehemu ya mabega kwa pamoja. Wa pili unapita chini ya makalio. Usimvute mtoto aje kwako. Wewe ndiye unayeinama mpaka kifua chako kimkaribie, kisha mnanyanyuka pamoja. "Mtoto mchanga hanyanyuliwi," alisema, "anachotwa. Umeona mtu akichota maji ya kunywa mtungini bila kuyatibua? Basi." Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena. Hakunifokea. Alinifokea baadaye, katika mambo mengine mengi, lakini katika hilo alirudia kama mtu anayeimba, "Kisogo kwanza, mama. Kisogo kwanza."

Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Mikono yake ilizoea magunia ya sukari na katani. Jioni ya kwanza alimwendea mwanawe kwa mikono miwili makwapani, tayari kumpandisha begani, na Bibi Mkandaji akapiga ukelele uliowatoa wapangaji wote vyumbani.

"Baba! Hapa si bandarini!"

"Nambeba tu mwanangu, Bibi."

"Unampakia melini. Kaa chini. Kaa, nasema! Weka kiwiko hapa. Kichwa chake kikae kwenye huu mkunjo wa kiwiko. Haya, mkono wa pili chini."

Alikaa. Alishika. Akakaa hivyo jasho likimtoka kama anayepakua shehena, na baada ya muda Bibi akamtazama usoni akacheka. "Pumua, mwanangu. Mtoto anataka baba aliye hai." Wapangaji waliojaa mlangoni wakacheka, na mume wangu naye akacheka, lakini kwa mdomo tu, kiwiko hakukitikisa.

Wageni walipata taabu naye zaidi. Unajua desturi yetu: mtu akija kumtazama mzazi hataki kuondoka hajambeba mtoto, na akishambeba anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Yeye alikaa mlangoni. "Huyu si sinia la pilau lizungushwe," aliwaambia. Aliyetaka kubeba alinawa, akakaa, akaletewa. Shangazi mmoja wa jirani, mtu mzima mwenye heshima zake, alinuna akasema, "Mimi nimezaa saba, nifundishwe leo?" Bibi Mkandaji akamjibu kwa upole mkubwa, "Shikamoo dada. Hao saba walikuwa na shingo zao. Huyu hana bado." Shangazi akaenda kunawa.

Sasa usidhani alikuwa mwanamke mpole. Upole wake wote aliumalizia kwa wasioweza kusema. Sisi wazazi alitukanda kwa maji ambayo ningeweza kupikia ugali. Ukilia anakwambia, "Lia kwa sauti, wapangaji wajue umezaa." Alimsema vibaya kila mwanamke aliyemwona hajala. Alisahau majina. Na watoto walipokua hakuwa na shughuli nao hata kidogo. Niliwahi kumpelekea Shukuru akiwa anatembea, nikidhani atafurahi, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuuliza njia. "Huyu kashakaza shingo," alisema. "Si wangu tena."

Watoto wa mtaa, hata hivyo, walimpenda. Wakimkuta njiani wanaimba, "Shikamoo Bibi Mkandaji!" Anaitikia marahaba, anasimama, anampapasa mmoja kisogoni akifumba macho. "Wewe ni wa nyumba ile yenye cherehani barazani."

"Siyo, Bibi. Mimi wa muuza viungo."

"Basi mamako alikuficha."

Alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia, na hilo halikumzuia kudai kwamba kisogo alichokishika hakisahau.

Alikosea na mengine pia, na ni haki niyaseme. Kwikwi ya mtoto aliitibu kwa kuchomoa uzi wa khanga, kuulowesha mate na kuubandika kwenye paji la uso. Aliwatia watoto mafuta puani wasipate mafua. Muuguzi wa zahanati aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu alipoyaona yale mafuta alimkataza: yanaingia mapafuni. Walibishana uani mchana kutwa, huyu na kofia yake nyeupe, huyu na khanga kiunoni. Bibi aliondoka amekasirika. Wiki ile ile nikamwona anamwogesha mtoto wa jirani, amefika puani, mkono ukasita, akaurudisha. Mafuta puani hakutia tena. Uzi wa kwikwi aliendelea nao. "Uzi hauingii mapafuni," alisema.

Kuhusu kuchoka kwake sijui nianzie wapi, maana nilimjua amechoka tangu siku ya kwanza. Aliitwa kila mahali. Alfajiri Gerezani, asubuhi kwetu, mchana Ilala, alasiri Upanga kwenye maghorofa, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyesikia sifa zake kwa dobi wake. "Wanakaa juu kama njiwa," alilalamika akijikanda magoti, "na mtoto wao ana shingo kama ya mtoto yeyote." Sukari ilipoanza kwa foleni, alipanga foleni. Sabuni ilipokuwa ya foleni, alipanga na ya sabuni, kwa sababu nyumba nyingine ukifika hawana hata kipande, na mtoto hawezi kusubiri duka la ushirika lifunguliwe. Sabuni hiyo aliitunza kifuani, imefungwa kitambaa. Mabomba yakikauka, anabeba na ndoo.

Siku moja balozi wetu alipita kukumbusha watu kufanya usafi wa mtaa, akahutubia pale barazani kama kawaida yake, akamalizia, "Uhuru na kazi!"

"Kazi ninayo," alisema Bibi Mkandaji bila kuinua uso kwenye beseni. "Huo uhuru nikiuona nitakuita."

"Bibi! Maneno gani hayo?"

"Maneno ya mtu asiyelala, baba. Nishikie khanga nimkaushe huyu."

Na balozi akaishika. Mke wake alikuwa mja mzito, angefanya nini?

Alisinzia kila maji yalipokuwa jikoni. Alikaa ukutani, miguu mbele, na usingizi unamchukua hapohapo, viganja vimelala mapajani vikitazama juu, vimejikunja kidogo. Nilimwambia mara nyingi apumzike. Kila mtu alimwambia. Halafu kila mtu huyohuyo, binti yake akikaribia siku zake, alikwenda kumgongea mlango: "Bibi, huyu tu. Huyu wa mwisho." Hukuweza kumwita mwingine, watu wangesema humpendi mjukuu wako. Naye hakuwa na neno la kukatalia. Kwetu huwezi kumwambia mzazi sina nafasi.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa baada ya vita vya Kagera, wakati ule hata chumvi ukiipata unaificha. Alikuwa mdogo, alizaliwa kabla ya siku zake, na mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kwao kunisaidia. Bibi Mkandaji alikuja kama desturi. Akavua bangili, akanawa, akapasha mikono. Akamlaza mtoto miundini, akampaka sabuni. Nilikuwa nimekaa mbele yake nimeshika khanga kavu, kwa hiyo niliona vizuri. Mkono wa kushoto, ule wa kisogoni, ulitetemeka. Haikuwa mara moja. Uliendelea, kama mkono wa mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali akaambiwa asubiri kidogo kabla ya kuitua. Na sabuni ile ya foleni ilikuwa inateleza.

Aliacha kuogesha. Alimkumbatia mtoto kwa miguu yake pande zote mbili, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Mpokee mwanao."

"Bado ana povu, Bibi."

"Mpokee na povu lake. Kisogo kwanza."

Nikainama, nikamchota. Mama mkwe wangu, ambaye alipenda mzaha, akasema, "Vipi mwenzetu, leo sabuni imekushinda?" Bibi Mkandaji alikuwa anatazama viganja vyake kama anavyotazama mtu nauli isiyotosha. Kisha akaniagiza nikae pale alipokaa yeye, ninyooshe miguu, na akanisimamia mpaka nikamaliza kumwogesha mwenyewe. Alirudi kesho yake, na siku zote mpaka arobaini, lakini mtoto hakumgusa tena. Alikaa pembeni na kusema. "Kiwiko. Inama wewe. Usiharakishe, maji hayaendi popote."

Baada ya hapo akakataa kwa kila mtu. Ndipo nilipoona jinsi mtaa unavyoweza kumpenda mtu bila kumhurumia. Mama Zena, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mja mzito wa huyo Zena, mtoto wake wa kwanza baada ya kusubiri miaka mingi. Alimfuata mpaka kwake, akalia.

"Hata kumshika tu, Bibi. Baraka ya mkono wako tu."

"Nitakuja kukuonyesha. Kumshika, hapana."

"Wa wengine uliwashika. Wangu ana nini?"

"Wako hana kitu, mwanangu. Mimi ndiye nina kitu."

Mama Zena alirudi na hasira, na hasira ikataka maelezo. Wa kwanza walisema anaringa. Wengine wakasema amelogwa na mkandaji wa Ilala. Mwisho likaja lile lililokaa: amedondosha mtoto. Wapi? Ilala huko. Wa nani? Hawamtaji, wanamstahi. Neno lile lilipita bombani, likapita foleni ya unga, likaingia sokoni, na siku chache tu baadaye hakuna aliyekwenda kumgongea tena. Waliokuwa wakimwita barazani kunywa chai wakawa na shughuli. Watoto waliomwimbia shikamoo wakaambiwa wasimsogelee na wadogo zao mgongoni.

Nilingoja akanushe. Ulimi wake nilioujua mimi ungeweza kuunyamazisha mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Badala yake akahamia Ilala kwa binti wa kaka yake, kimya, na neno lile likabaki Kariakoo limekaa kama kweli.

Nilimwona mara ya mwisho nilipopata kitinda mimba wangu. Nilikwenda nikitokea kwenye foleni, mtoto mkononi, kapu begani. Nilimkuta chumbani kwake mchana, amekaa juu ya mkeka, amenenepa. Ndiyo, amenenepa, na macho yake hayakuwa na ule wekundu niliozoea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mama Shukuru. Bado mnazaa tu huko?"

Nilikumbuka jinsi jina langu lisivyowahi kumtoka kinywani, nikacheka, halafu nikashindwa kujizuia. Nilimuuliza lililonikaa moyoni muda wote ule. "Bibi, wanasema ulidondosha mtoto. Mtoto wa nani?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

Alinitazama kama alivyonitazama mara ya kwanza niliposhika kisogo vibaya, bila hasira, akiona tu nilipokosea.

"Nilisema nimechoka, wakanibembeleza. Nikasema mikono inatetemeka, wakasema tutakupaka mafuta ya karafuu. Ulitaka niendelee mpaka nimdondoshe kweli? Waliposema nimedondosha, mwanangu, asubuhi yake hakuna aliyegonga. Nililala mpaka jua likaingia dirishani. Sijawahi kulala hivyo tangu niko msichana." Akaunyoosha mkeka kwa kiganja. "Jina langu limekufa, sawa. Shingo zao nzima."

Nilisimama pale mlangoni, kapu limenielemea, nikaona hanitazami mimi tena, anatazama mkono wangu uliomshika mtoto.

"Umechoka wewe," alisema.

"Sijachoka, Bibi. Ni kawaida."

"Hivyohivyo ndivyo nilivyokuwa nasema. Mlaze."

Akasogea, akanipisha katikati ya mkeka. Nikamlaza. Bibi Mkandaji akajilaza ubavu karibu naye, akaupitisha mkono wake wa kushoto chini ya kisogo cha mwanangu, pale ambapo mtoto asingeweza kuanguka popote, na ule mkono ukatetemeka taratibu na mtoto akaendelea kulala.

Basi nawe msikilizaji wangu, mkono ukianza kulegea, usingoje ulegee zaidi na usione haya kwa aliyekaa mbele yako. Piga goti karibu na mkeka au kitanda. Inama mpaka kifua chako kiwe karibu na godoro. Tanguliza makalio ya mtoto, yakigusa chini uachie mgongo ufuate, kisogo kiwe cha mwisho. Kichwa kikishatulia, chomoa vidole kimoja kimoja, polepole, kisha kaa karibu naye upumzike.